Konokono wa Dunga: spishi moja au mbili?

Chota wavu mmoja chini ya gugumaji pale Dunga, Kisumu, na utaibuka na konokono bapa, gamba limejiviringa kama kamba iliyokunjwa sakafuni, kipenyo milimita 10 hadi 15 hivi. Ukimponda damu yake ni nyekundu, maana ana himoglobini kama sisi. Sasa panda mashua, toka nje ya mafunjo mpaka maji ya mita 3 au 4, buruta chombo cha chuma chenye wavu chini ya ziwa, kisha osha tope. Humo utamkuta mwingine wa sura ileile, ila mdogo zaidi, mizunguko michache, mdomo wa gamba mpana ukilinganisha na mwili. Vitabu vimewapa majina mawili: wa ukingoni ni Biomphalaria sudanica, wa kilindini ni Biomphalaria choanomphala. Wote wawili hubeba Schistosoma mansoni, mnyoo wa kichocho cha tumbo.

Je, ni spishi mbili kweli, au ni mmoja anayebadilisha gamba kulingana na mahali anapoishi?

Swali si la kupendezesha makabati ya makumbusho. Niklosamidi, dawa ya kuua konokono, hupigwa ukingoni, pale watu wanapooga, kufua na kuchota maji. Kama wa kilindini ni ukoo mwingine usiochanganyika na wa ukingoni, ukingo uliosafishwa utakaa muda kabla haujajaa tena. Kama ni watu wa nyumba moja, wale wa chini ni akiba, na watarudi kujaza pengo.

Kisa hiki kimeundwa kwa ajili ya kufundishia. Idadi ya sampuli ni ya mpango wa kazi: konokono 12 wa ukingoni, 12 wa kilindini, na 6 wa Biomphalaria pfeifferi kutoka vijito vya bara upande wa Nyando, kwa kuwa huyo hupendelea maji ya vijito na mabwawa kuliko ziwa lenyewe. Makosa yanayotajwa, hata hivyo, ni ya kila siku katika kazi hii.

Uwanjani

Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya, kiwe tayari kabla ya kugusa maji, na viongozi wa ufuo wawe wanajua mnachofanya. Ukingoni nenda asubuhi na mapema. Serkaria, zile lava za kichocho zenye mkia uliogawanyika panda, hutoka kwa wingi ndani ya konokono jua likishapanda, takriban saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana. Gambuti na glavu ndefu ni lazima hata kwenye ubaridi wa alfajiri.

Kila konokono huoshwa na kuwekwa peke yake katika kikombe chenye mililita 5 za maji safi, chini ya mwanga, kwa saa 2. Ukiona serkaria zinaogelea chini ya hadubini, mwandike kuwa ameambukizwa na umtenge. Wengi huruka hatua hii kwa haraka ya kurudi mjini, kisha hulipia baadaye, kama tutakavyoona.

Halafu kuna suala la ethanoli, pombe kali ya kuhifadhia nyama yenye DNA, ambalo limeharibu sampuli nyingi kuliko jua na wizi vikiwekwa pamoja. Konokono hai akitumbukizwa ndani yake hujikunja hadi ndani kabisa ya gamba na kutoa ute mwingi, na ethanoli haifiki kwenye nyama. Unafungua kichupa siku 3 baadaye: gamba ni zuri, ndani kuna uji wa kijivu unaonuka. Dawa yake ni rahisi. Mtumbukize kwanza kwenye maji ya nyuzi 70 kwa sekunde 30 hadi 45, mshike mguu kwa koleo ndogo, umvute taratibu huku ukizungusha kufuata mkunjo wa gamba. Atatoka mzima. Ethanoli iwe ya asilimia 95 kwenda juu, ujazo wake mara 10 ya nyama, na ibadilishwe baada ya saa 24 kwa sababu maji ya mwili wake yameshaizimua. Spiriti ya dukani haifai, na fomalini usiisogeze karibu: hufungamanisha DNA na protini hadi huwezi kuzitenganisha.

Gamba tupu lipigwe picha tatu, juu, chini na upande wa mdomo, kando ya rula ya milimita, kisha lihifadhiwe kwa namba ileile ya kichupa. Bila gamba hilo, mwaka kesho hakuna atakayejua mfuatano wako wa DNA ulitoka kwa nani.

Ute, adui wa kwanza

Anayetoka kwenye kazi ya mbu au ng'ombe akaingia kwenye konokono hushangaa: DNA imetoka tele, lakini PCR, mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, haizai kitu. Sababu ni sukari ndefu zilizomo kwenye ute. Huteremka pamoja na DNA na kukizuia kimeng'enya kufanya kazi.

Kata kipande cha mguu kikubwa kama punje ya mchele, miligramu 10 hadi 20. Chukua mguu, usichukue tumbo wala ini, kwa maana huko ndiko kilipo chakula alichokula na ndiko lava za minyoo hujaa. Kifute kwa karatasi laini ili ethanoli itoke. Tia mikrolita 500 za mchanganyiko wa CTAB, aina ya sabuni ya kuvunja seli (CTAB asilimia 2, chumvi moli 1.4 kwa lita, EDTA milimoli 20, Tris milimoli 100, pH 8) na mikrolita 10 za proteinasi K ya miligramu 20 kwa mililita. Acha kwenye nyuzi 60 kwa saa 3, au 55 usiku kucha. Chumvi nyingi ndiyo siri ya mchanganyiko huu, kwani huziacha zile sukari nyuma wakati DNA inaendelea mbele.

Kisha klorofomu na pombe ya isoamili, 24 kwa 1, mikrolita 500. Geuza kichupa juu chini kwa dakika 5 bila kukitikisa kwa nguvu, zungusha kwenye mashine kwa 13,000 g dakika 10, na unyonye maji ya juu peke yake. Kuna utando mweupe katikati. Ukiugusa kwa ncha ya pipeti umeurudisha ute wote uliokuwa unaukimbia. Afadhali uache mikrolita 50 za mwisho. Endelea na isopropanoli, theluthi mbili ya ujazo, saa 1 kwenye barafu. Zungusha, osha kwa ethanoli ya asilimia 70, kausha, yeyusha katika mikrolita 50.

Tazama kilichobaki chini ya kichupa. Kikiwa kidoa cheupe, vizuri. Kikiwa kinang'aa na kuteleza kama ute wa yai, sukari bado zipo, na kipimo cha usafi wa DNA kwa mwanga, 260 kwa 230, kitashuka chini ya 1 hata kama 260 kwa 280 ni 1.8 safi kabisa. Hapo mgeni huongeza DNA kwenye PCR ili "ipate nguvu", na hapo ndipo huiua kabisa, kwa kuwa ameongeza na kizuizi. Fanya kinyume: zimua mara 10, ikishindikana mara 50. Katika sampuli za konokono, hatua hii peke yake huokoa nyingi zilizokuwa zimeshakatiwa tamaa.

Kipande tunachokitafuta ni cha jeni ya COI iliyo kwenye mitokondria, kwa praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoionyesha PCR pa kuanzia) LCO1490 na HCO2198 zilizochapishwa na Folmer na wenzake mwaka 1994. Nyuzi 94 dakika 3; halafu mizunguko 38 ya 94 sekunde 30, 47 sekunde 45, 72 dakika 1; mwisho 72 dakika 7. Kwenye jeli unatafuta mstari mmoja kwenye alama ya 700. Ukishakata praima zinabaki besi, yaani herufi za DNA, 658.

Mnyoo aliyejipenyeza

Tuseme mifuatano 30 imerudi kutoka kwenye mashine ya kusoma DNA, na 3 kati yake, zote za ukingoni, zinakaa mbali sana na nyingine. Kishawishi ni kikubwa: spishi mpya! Kabla ya kuita watu wa magazeti, pitisha mifuatano hiyo GenBank, hifadhi ya umma ya mifuatano ya DNA. Jibu linakuja: si konokono, ni mnyoo wa kundi la nyungunyungu.

Huyo ni Chaetogaster limnaei, mnyoo mdogo mweupe wa kupenyeka nuru, anayeishi juu ya konokono wa maji baridi, kati ya nyama na gamba. (Hula hata serkaria, kwa hiyo konokono humpata mlinzi wa bure.) Praima za Folmer zilibuniwa zifanye kazi kwa wanyama wengi wasio na uti wa mgongo, na kwa mnyoo huyu hushika vizuri. Yakiwa na DNA ya wote wawili, majibu ya mashine huonyesha vilele viwili mahali pamoja, herufi baada ya herufi. Konokono aliyeambukizwa kichocho naye huleta vurugu za aina hii kwa baadhi ya praima, na ndiyo maana ya kile kikombe cha mwanga. Tiba ni kurudi kwenye nyama iliyobaki, kuisuuza, kukata kipande cha ndani ya mguu, na kuanza upya.

Ukaguzi wa pili ni wa kutafsiri mfuatano kuwa asidi amino. COI ni jeni inayotengeneza protini, kwa hiyo haiwezi kuwa na alama ya kusimama katikati. Lakini programu nyingi huanza na kanuni ya kawaida ya kusoma kodoni (herufi tatu tatu za DNA), na kwa kanuni hiyo konokono wote wataonekana wabovu, maana TGA husomwa "simama". Kwenye mitokondria ya wanyama hawa TGA ni triptofani. Chagua jedwali namba 5. Ikibaki alama ya kusimama hata baada ya hapo, rudi kwenye vilele vya mashine: mara nyingi ni herufi moja iliyosomwa mara mbili.

Saa moja haipimi kila safari

Mti wa kwanza wa nasaba katika kisa hiki ulipandwa vibaya, na ubaya wake una mafunzo. Ili mti uwe na mzizi unahitaji kundi la nje, yaani jamaa wasio wa kundi unalolichunguza. Aliyeupanga alitia kila alichokipata: Bellamya, Pila na Melanoides, konokono wa ziwani wanaopumua kwa matamvua, na juu yao koa wawili wa baharini kutoka GenBank, mmoja wa Elysia, yule wa kijani anayefyonza mwani na kutunza kloroplasti zake mwilini, na mwingine wa kundi la nudibranki wenye matamvua wazi mgongoni. Hoja yake: koa wa bahari wakae pamoja pembeni, konokono wa ziwa wakae pamoja katikati.

COI ilitoa matawi ya chini yaliyotapakaa, namba za uthabiti wa matawi, kati ya 100, zikiwa 40, 35, 52. Na kama zingekuwa juu kwa mpango ule alioutarajia, zingekuwa zinadanganya.

Mgawanyo wa zamani uliwatenga konokono hawa kwa viungo vya kupumulia: wa matamvua ya mbele, wa matamvua ya nyuma ambao ndio koa wa baharini, na wa mapafu. DNA imeuvunja. Mwaka 2010 Jörger na wenzake, wakitumia jeni nne (18S, 28S, 16S na COI), walipanga upya kundi hilo na kutoa jina la Panpulmonata. Ndani yake wamo konokono wa mapafu, akiwemo Biomphalaria wetu, na wamo pia baadhi ya waliokuwa wakiitwa koa wa baharini, Elysia na jamaa zake miongoni mwao. Nudibranki wamebaki nje ya hapo, kwenye tawi lililotengana mapema zaidi. Maana yake ni hii: yule koa wa kijani wa baharini ni ndugu wa karibu zaidi wa konokono wa kichocho wa Dunga kuliko alivyo wa koa mwenzake nudibranki. Na Pila anayeishi na Biomphalaria katika ghuba ileile ni ndugu wa mbali kuliko hao koa wote wawili. Kuishi pamoja ziwani si undugu.

COI haikuweza kuona hayo kwa sababu inakimbia mno. Herufi ya tatu ya kila kodoni hubadilika bila kuathiri protini. Katika mamilioni mengi ya miaka imebadilika, ikabadilika tena, ikarudi ilikotoka. Chora umbali uliopimwa dhidi ya umbali uliorekebishwa kwa modeli: mstari ukianza kulala bapa, jeni imejaa, haina habari tena. Kwa undugu wa kale tumia 28S na 18S, ambazo huenda polepole, au mamia ya jeni kwa pamoja.

Basi mti ukapogolewa. Kundi la nje likawa Helisoma, jamaa wa karibu wa jenasi hii, na wakaongezwa Biomphalaria glabrata na wenzake wa Amerika. Hao usiwaache. Jenasi ilianzia Amerika na ikafika Afrika takriban miaka milioni 1.8 hadi 5 iliyopita. Konokono wa Afrika ni tawi lililochipuka ndani ya mti wa Amerika. Anayepanga wa Afrika peke yao hataliona hilo kamwe.

Sasa mti unasimama. B. pfeifferi wa vijito wanakaa kwenye tawi lao, uthabiti juu ya 95. Wale 24 wa ziwani wamechanganyika: wa ukingoni na wa kilindini kwenye vijitawi vilevile, wengine wakiwa na mfuatano mmoja herufi kwa herufi. Ndivyo hata tafiti zilizochapishwa kuhusu Ziwa Victoria zilivyokuta: majina hayo mawili hayatengani kwenye mti.

Wengi huishia hapo na kuandika "spishi moja". Ni mapema. Piga hesabu kwanza. Ziwa Victoria lilikauka, likajaa tena kama miaka 15,000 iliyopita. Tuseme mistari miwili ilitengana siku lilipojaa. Kwa kiwango kinachotumiwa sana cha asilimia 2 kwa miaka milioni kati ya matawi mawili, tofauti inayotarajiwa ni 0.02 × 0.015 × 658, yaani 0.2. Si badiliko moja. Ni sehemu ya tano ya badiliko. Hata ukiikimbiza jeni mara tano ya kasi hiyo unapata badiliko 1 katika besi 658. Spishi mbili changa na spishi moja zingetoa mti uleule.

Jeni iliyokuwa na mbio mno kwa koa wa baharini imekuwa nzito mno kwa ghuba.

Kinachobaki kufanywa

Acha mti, chora mtandao wa haplotaipu: duara kwa kila mfuatano, ukubwa wake kwa idadi ya konokono, alama ndogo kwa kila badiliko, rangi moja ya ukingo na nyingine ya kilindi. Kwa tofauti ndogo namna hii mtandao husema zaidi, kwa sababu mti hulazimisha kila kitu kigawanyike panda hata pale ambapo mzazi bado yupo hai.

Halafu toka kwenye mitokondria. Hurithiwa kwa upande wa mama, ni kama shahidi mmoja kutoka kwenye mkutano mzima. Kinachohitajika ni maelfu ya nukta (herufi zinazotofautiana kati ya konokono) za DNA ya kiini, zilizotapakaa kwenye kromosomu zote, na konokono 20 hadi 30 kwa kila mahali badala ya 12. Jenomu ya B. sudanica, iliyochapishwa mwaka 2024, imerahisisha kazi hiyo: nukta zinapangwa juu yake moja kwa moja. Swali nalo linabadilika. Badala ya "je, wana matawi mawili?" unauliza "je, kuna jeni zinazovuka kutoka ukingoni kwenda kilindini, na ni nyingi kiasi gani?"

Jaribio la mwisho halina mashine ya gharama. Chukua wa ukingoni na wa kilindini, waweke kwenye ndoo za plastiki tofauti zenye maji yaleyale, joto lilelile, na letusi ileile iliyooshwa mpaka dawa ya wadudu ikatoka. Hutaga mayai kwenye vifuko vya utelezi vinavyogandamana na plastiki, yanayoanguliwa ndani ya wiki moja au mbili. Waondoe wazazi, lea watoto mpaka wakomae, piga picha magamba kwa pembe zilezile tatu. Watoto wa kilindini wakikua bapa na wakubwa kama wa ukingoni, gamba lilikuwa kazi ya mawimbi na chakula. Wakibaki na umbo la wazazi katika mazingira yaleyale, jambo hilo limeandikwa kwenye jeni, na wenye COI watanyamaza kidogo. Tumia angalau familia 8 kwa kila upande: konokono hawa ni jike na dume kwa pamoja na wanaweza kujirutubisha wenyewe, kwa hiyo watoto 100 wa mama mmoja ni ushahidi wa mama mmoja.

Mpaka hapo, lebo ya kichupa iandikwe kile kinachojulikana: Biomphalaria, kundi la Mto Naili (ambamo majina yote mawili huingia), Dunga, ukingoni chini ya gugumaji, au kilindini mita 4, tarehe, ameambukizwa au la, namba ya picha ya gamba. Jina la spishi litaongezwa kwa penseli.